Kushonesha nguo za chapa yako ng'ambo: mwongozo kamili, kutoka fulana moja hadi mzigo kutoka bandarini

Mzigo wangu wa kwanza kutoka Guangzhou, China, ulikuwa fulana 300 nyeusi. Tulizifungua sebuleni mimi na dada yangu, tukazikunja upya, tukazipiga picha, na wiki 2 za mwanzo zikatoka vizuri. Halafu simu zikaanza. Mteja mmoja alinitumia picha ya fulana aliyoifua mara 2: imepanda hadi kiunoni, shingo imelegea. Nikarudi kwenye mazungumzo yangu na kiwanda nikiwa na hasira, natafuta mahali walipovunja makubaliano. Sikupaona. Mimi ndiye niliyeandika "pamba nzito, kama ya kwenye picha". Kuhusu kusinyaa sikuwa nimeandika hata neno moja, na kuhusu shingo pia.

Kiwanda hushona kilichoandikwa. Kisichoandikwa hushonwa kwa namna iliyo rahisi kwao, na si kwa ubaya. Wana oda 20 mezani na hawawezi kusoma mawazo yako. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni namna ya kuweka kwenye maandishi, au kwenye kipande cha nguo unachokishika mkononi, kile ambacho kichwani mwako kinaonekana wazi.

Anza na vazi moja, na lishonwe nyumbani kwanza

Anayeanza hupenda kuja na mkusanyo mzima: fulana, sweta la kofia, suruali, kofia, rangi 5. Usifanye hivyo. Kila vazi lina vipimo vyake, kitambaa chake, uzi wake na makosa yake. Chukua moja. Mwongozo huu nitauendesha kwa fulana ya shingo ya duara, kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini shati, dera au kanzu zinapita njia ileile.

Kabla ya kutafuta kiwanda, nenda kwa fundi wako wa mtaani na umpe kazi ya kushona vipande 20 au 30. Vitakugharimu zaidi kwa kipande kuliko kiwandani, na hapo faida usiitazame. Wavalishe watu wa maumbo tofauti. Tazama wanavyoinua mikono, wanavyokaa, wanavyopanda bodaboda. Utagundua kwamba bega linashuka, au kwamba wanawake wanaonunua fulana yako wanataka nafasi zaidi nyongani. Kulijua hilo kwenye vipande 30 ni nafuu kubwa kuliko kulijua kwenye 300.

Jina kabla ya lebo

Tafuta kwanza kama jina lako liko huru. Tanzania Bara usajili wa alama za biashara uko BRELA. Zanzibar ni BPRA, na ni rejista nyingine kabisa, kwa hiyo kusajili Dar hakukulindi Unguja. Kenya ni KIPI. Nguo, viatu na kofia huingia daraja la 25. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili: la kwanza linakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, la pili linakupa haki ya kumzuia mwingine asiliweke kwenye nguo zake. Wengi husajili la kwanza wakadhani wamemaliza.

Ukishonesha China, ujue kwamba kule anayetangulia kusajili ndiye mwenye haki, hata kama wewe umelitumia jina hilo kwa miaka. Chapa ikianza kukua, tenga fedha ya kuisajili huko pia.

Karatasi ya vipimo

Hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu. Watu wa viwandani huiita tekpaki. Si lazima iwe na michoro ya kompyuta ya kupendeza. Ya kwangu ya pili niliichora kwa penseli na rula, nikaipiga picha, na ilifanya kazi.

Usiandike S, M, L peke yake. Herufi hizo hazina urefu. L ya kiwanda kinachoshonea soko la China mara nyingi humkaa mtu wa M wa kwetu. Chukua fulana unayoipenda, ilaze juu ya meza bila kuivuta, uipime kwa sentimita: upana wa kifua sm 2 chini ya kwapa, urefu kutoka bega linapokutana na shingo hadi pindo, bega hadi bega, urefu wa mkono, upana wa mdomo wa mkono, upana wa shingo, kina cha shingo mbele, upana wa ribu, ule ukanda wa kuvutika wa shingoni. Kisha andika saizi zinavyopanda, kwa mfano kifua kiongezeke sm 2.5 kwa kila saizi kikiwa kimelazwa. Na andika kosa unalovumilia: sm 1 kwenye kifua na urefu, nusu sentimita kwenye shingo. Usipoandika kiasi hicho, hutakuwa na la kudai kifua kikija pungufu kwa sm 3.

Halafu kitambaa. Uzito wake hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, GSM. Fulana nyepesi huwa kwenye 150 hadi 160, ya kawaida 180, nzito 220 hadi 240. Sweta la kofia huanzia kama 300. Andika na mchanganyiko: pamba asilimia 100, au pamba na poliesta. Kwa joto la Dar na Mombasa mimi sipandi juu ya 200, ingawa mitindo ya sasa inapenda kitambaa kizito. Mteja wangu anapanda daladala saa 8 mchana. Andika kwamba kitambaa kisinyazwe kabla ya kukatwa, na kwamba baada ya kufuliwa mara 3 kisipungue zaidi ya asilimia 5. Shingo: ribu iwe na elastani kidogo, zile nyuzi za kuvutika, kama asilimia 5, na ndani ya shingo kushonwe utepe kutoka bega hadi bega. Utepe ule ndio unaozuia shingo kulegea, na kiwanda kinachobana gharama huanza kuuondoa huo.

Rangi usiitume kwa picha ya simu, maana kila kioo huonyesha rangi yake. Tumia namba za Pantone za vitambaa, mfumo wa kimataifa wa kutaja rangi kwa namba, au tuma kipande halisi cha kitambaa kwa kurieri. Kiwanda kikipaka rangi kitakuletea vipande vidogo vya majaribio; vitazame juani, kisha chini ya taa ya dukani, ndipo uchague.

Mwisho wa karatasi weka mambo madogo ambayo yakikosewa yanauma: uchapishaji wa nembo uko sm ngapi kutoka shingoni na una upana gani, lebo ya shingoni imeshonwa au imechapwa, lebo ya ndani inataja kitambaa, namna ya kufua na nchi iliposhonwa, kila fulana iingie mfuko wake, katoni isizidi kilo ngapi. Andika kwa sentensi fupi. Atakayesoma kule huenda akapitisha maneno yako kwenye programu ya kutafsiri, na methali zetu hazivuki salama.

Nchi gani, kiwanda gani

Kwa mfanyabiashara mdogo wa kwetu, Guangzhou bado ndiyo njia iliyofunguka zaidi. Eneo la Xiaobei lina watu waliotoka Afrika Mashariki, wakusanyaji wa mizigo na chakula unachokijua. Soko la vitambaa la Zhongda, wilaya ya Haizhu, lina vitambaa vya kila aina, na viwanda vidogo vya kushona vimelizunguka. Maonyesho ya Canton yamekuwa yakifanyika tangu 1957, sasa mara 2 kwa mwaka, yakianza Aprili na Oktoba, na nguo kwa kawaida huwa awamu ya 3. Ukienda, usikimbilie masoko ya jumla kama Baima au Shisanhang ukidhani umefika kiwandani. Pale unanunua nguo ya mtu mwingine iliyokwisha shonwa.

Istanbul, hasa Merter na Laleli, ni nzuri kwa magauni na jinzi, kwa kiasi kidogo na kwa haraka zaidi, ila bei iko juu. Tiruppur, kusini mwa India, ni mji wa fulana na pamba kabisa. Dhaka ina bei kali, lakini viwanda vyake vikubwa vinataka maelfu ya vipande kwa kila rangi, kwa hiyo anayeanza aisubiri.

Hapo kwenye kiasi cha chini, MOQ, wengi hubishana na kiwanda bila kujua sababu yake. Cherehani haijali unashona 50 au 500. Anayejali ni yule anayekipaka kitambaa rangi: mtambo wake unajaa kwa kiasi fulani, na rangi yako ya pekee inabidi ijaze mtambo huo. Ndiyo maana utaambiwa vipande 300 kwa rangi moja. Ukisema, "Nipe nyeusi na nyeupe iliyoko stoo tayari," mara nyingi kiwanda kidogo kitashuka hadi 100, na wengine 50. Chapa yangu ilikaa miaka 2 kwa rangi hizo 2 tu, tofauti nikaiweka kwenye uchapishaji.

Mtandaoni wengi wanaojiita kiwanda ni madalali. Dalali mzuri si dhambi, ila ujue unalipa nani. Omba leseni ya biashara; ya China ina namba ya tarakimu na herufi 18, na ndani yake imeandikwa shughuli ya kampuni. Soma kama kuna uzalishaji au ni uuzaji tu. Omba simu ya video, siyo video iliyorekodiwa, na umwombe aliyeshika simu atembee kutoka meza ya kukatia hadi ya kupigia pasi. Mwulize wiki hii wanashona nini. Kiwanda cha fulana kinachokuahidi pia mikoba na viatu, kiache.

Tazama pia milango na ngazi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka liliporomoka, na mafundi zaidi ya 1,100 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, watu wakarudishwa kazini. Walikuwa wanashona nguo za chapa ambazo wamiliki wake wengi hawakuwa wamewahi kuliona jengo lile. Mtu mwenye oda ya vipande 300 hana nguvu ya kubadili kiwanda, lakini ana macho. Nikiona katoni zimeziba mlango wa kutokea, sirudi tena.

Sampuli 3, na maji ya kufulia

Sampuli ya kwanza ni ya kwao, nguo waliyokwisha shonea mtu mwingine. Inakuonyesha mkono wao tu. Ya pili inafuata karatasi yako. Hapo utaikosoa, na pengine itashonwa upya mara 2. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: imeshonwa kwa kitambaa kilekile, lebo ileile na uchapishaji uleule utakaotumika kwenye oda nzima. Zishonwe mbili. Weka sahihi na tarehe kwenye lebo za zote, moja ibaki kwao na nyingine kwako. Ukija ubishi, ndiyo hakimu.

Kila sampuli ninayoipokea huipima kwanza, kisha huiharibu. Nachukua kalamu isiyofutika na rula, nachora mraba wa sm 25 kwa 25 kwenye kifua. Naifua mara 3 kwa sabuni ya unga, naianika juani, kisha napima mraba upya. Ukipata 23.5, kitambaa kimesinyaa asilimia 6, na hiyo ni nyingi. Nakata kipande cha sm 10 kwa 10, nakipeleka kwa sonara jirani anipimie kwenye mizani yake, gramu 1.8 maana yake ni GSM 180. Sampuli moja iliyoandikwa 200 ilinipa gramu 1.6. Mwisho nachukua kitambaa cheupe, nakilowesha, nakisugua mara 20 kwenye fulana nyeusi. Kikitoka kijivu, mteja wako ataipata rangi hiyo kwenye shuka zake.

Andika matokeo, piga picha za rula ikiwa juu ya nguo, watumie. Kiwanda kinaheshimu picha ya rula kuliko malalamiko.

Bei unayoambiwa na bei inayofika dukani

Uliza bei imeishia wapi. EXW ni mlangoni kwao, mengine yote juu yako. FOB ni mzigo ukiwa umepakiwa melini kwenye bandari yao. CIF inajumlisha nauli na bima hadi bandari yako. Wawili wakikupa bei bila kutaja neno hilo, huwezi kuzilinganisha.

Tufanye hesabu ya mfano. Fulana 300 kwa dola 4.50 FOB ni dola 1,350. Nauli na bima tuseme 150: CIF inakuwa 1,500. Kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, tangu Julai 2022, ni asilimia 35, na nguo zimo: dola 525. VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 2,025: dola 364.50. Weka tozo ndogondogo, wakala, bandari na gari, tuseme 160. Jumla ni kama dola 2,550. Fulana ya 4.50 imefika kwa 8.50, na bado hujalipa picha, mifuko, kodi ya fremu wala vipande vitakavyokuwa na kasoro. Kenya VAT ni asilimia 16. Nchi mojamoja huweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti cha ushuru kwa mwaka wa fedha, kwa hiyo mpe wakala wako wa forodha namba ya bidhaa kabla ya kuagiza: nguo za kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, kama cha fulana, ziko sura ya 61, fulana ya pamba ni 6109.10, mashati na suruali za kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zinazokatizana ziko sura ya 62.

Kulipa

Kawaida ni asilimia 30 mwanzo, 70 baada ya ukaguzi na kabla ya mzigo kuondoka. Akikutaka 100 mwanzo, tafuta mwingine. Fedha iende kwenye akaunti yenye jina lilelile la leseni, si ya shemeji yake, si ya nchi nyingine. Na ukipokea barua pepe kwamba "akaunti yetu imebadilika", usitume hata senti: mpigie kwa video mtu uliyemzoea. Wezi huingia kwenye barua pepe, wakasubiri wiki nzima hadi siku ya malipo.

Ukaguzi

Usilipe ile 70 kwa kutumiwa picha. Kuna kampuni za ukaguzi, SGS, Bureau Veritas na Intertek zikiwa kubwa zaidi, na nyingine ndogo za bei nafuu, zitakazompeleka mtu kiwandani kwa siku moja. Omba aende mzigo ukiwa umefungwa angalau asilimia 80. Kwa utaratibu unaotumika sana, AQL 2.5 (AQL ni kiwango cha kasoro kinachokubalika), mzigo wa vipande 300 hukaguliwa vipande 50 vilivyochaguliwa bila mpangilio. Vipande vyenye kasoro kubwa visipozidi 3 mzigo unapita, vikifika 4 unarudishwa kurekebishwa. Andika mwenyewe kasoro kubwa ni ipi: tundu, doa, uchapishaji uliopinda, kipimo kilichopita kiasi. Mkaguzi naye hukagua kilichoandikwa.

Njia ya kuja

Fulana 300 ni kama katoni 5, nusu ya CBM, yaani nusu mita ya ujazo. Hazijazi kontena, kwa hiyo zitapanda na za wengine. Wakusanyaji wa Guangzhou wanaohudumia Kariakoo na Eastleigh hutoza bei moja kwa CBM, kila kitu ndani. Ni rahisi na wengi tumeanzia hapo. Ila jua unachokikosa: nyaraka za forodha hazitoki kwa jina lako. Siku kampuni au hoteli ikitaka sare 500 na risiti kamili, huna karatasi ya kuonyesha mzigo uliingiaje wala ushuru uliolipwa. Ukiwa na TIN na kampuni, pitisha hata mzigo mdogo kwa jina lako mara moja ujifunze. Muulize wakala kuhusu PVoC, ule ukaguzi wa ubora kabla ya kupakia unaosimamiwa na TBS Tanzania na KEBS Kenya. Mzigo ukifika bila cheti unapotakiwa, faini na muda hukuumiza kuliko ada yenyewe.

Na kalenda uihesabu kinyumenyume. Unataka nguo dukani mwishoni mwa Novemba kwa ajili ya sikukuu. Meli, kukusanya na kutoa bandarini, weka siku 50 hadi 60. Wiki ya kwanza ya Oktoba China ni mapumziko, kwa hiyo mzigo uwe umetoka kiwandani kabla ya tarehe 25 Septemba. Kushona siku 35 hadi 40: sampuli ya mwisho uwe umeisaini katikati ya Agosti. Sampuli zenyewe hula miezi 2. Basi uwe umeanza katikati ya Juni. Mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda hufunga wiki 2 hadi 4, na baadhi ya mafundi hawarudi. Oda iliyoanza na mikono ya zamani ikamalizwa na mikono mipya huonekana kwenye mishono.

Katoni zikifika, zifungue mbele ya kamera, kuanzia gundi ikiwa bado haijakatwa, na uzihesabu. Toa vipande 2 usiviuze kabisa. Kimoja kifue kila wiki kwa miezi 3, kingine kiweke kwenye bahasha pamoja na sampuli yenye sahihi. Kila anachokisema mteja, mkono mfupi, lebo inawasha, kiandike kwa kalamu nyekundu pembeni ya karatasi ya vipimo. Karatasi hiyo ndiyo utakayoituma kwa oda ya pili, na yangu sasa ina kurasa 4.